Munganga Naye Anarudi Masomoni

Mara nyingi hapa tunawaambia ninyi: vaeni kofia, fungeni viatu, msipite chini ya mzigo unaoning'inia. Leo nitajisema mimi mwenyewe. Kijana ambaye habari hii inamhusu amekubali niiandike, mradi nisitaje jina lake. Papa wa machela amekubali pia, lakini alicheka kwanza.

Ilikuwa posti ya usiku, wakati wa mvua. Katika atelye moja nilipokuwa natumikia zamani, diski ya kukatia chuma ilipasuka. Kipande kikamwingia kijana pajani, upande wa ndani, juu ya goti. Damu haikutiririka, iliruka. Wale mliowahi kuona mpira wa maji uliotoboka mnajua inavyokuwa.

Mimi nilikuwa dispanseri. Aliyefika wa kwanza ni papa mmoja wa kupakia mizigo, mwenye miaka zaidi ya hamsini, ambaye ni sekuristi wa posti ile, yaani mfanyakazi aliyefundishwa kusaidia watu walioumia mpaka munganga afike. Wote humwita papa wa machela. Alikandamiza kidonda kwa mikono miwili, damu ikapita kati ya vidole. Basi akachukua kitambaa kipana, akakizungusha pajani juu ya kidonda, akafunga, akaingiza ufunguo wa boliti ndani ya fundo na kuuzungusha mpaka damu ikasimama. Hiyo ndiyo garo. Kisha akaandika saa kwa chaki kwenye kofia ya kijana na kuiweka juu ya machela.

Nilipofika na mfuko wangu kazi ilikuwa imekwisha fanyika, na imefanyika vizuri. Ilibaki kumpeleka hospitali tu. Barabara ilikuwa matope, na treni ya madini ilitufungia njia. Tulikuwa watatu nyuma ya ambilansi: mgonjwa, papa, na mimi.

Sasa sikilizeni. Shuleni nilifundishwa kwamba garo ni kitu cha hatari, na kwamba ukishaifunga lazima uilegeze kila robo saa ili mguu upate damu, usioze. Niliandika hivyo katika kaye yangu, na katika mtihani nilipata alama nzuri kwa jibu hilo. Kitabu cha mwalimu kilikuwa cha zamani, lakini mimi ningejuaje? Robo saa ilipotimia, nikaulegeza ufunguo. Damu ikaruka mpaka kwenye ukuta wa ambilansi. Nikakaza tena. Kijana, ambaye mpaka pale alikuwa anaongea nasi na kuuliza nani atawaambia nyumbani, akanyamaza.

Robo saa ya pili ikafika nasi bado tuko njiani. Nikanyoosha mkono. Papa akanishika mkono, polepole, kwa heshima, akasema: “Munganga, sisi walitufundisha juzi tusiifungue. Walisema ni ya hospitali kufungua.”

Nikamjibu: “Papa, wewe kazi yako ni machela. Hii ni yangu.”

Nikaifungua.

Sitawaeleza yote. Jasho baridi lilimtoka kijana, midomo ikapauka, mapigo ya moyo sikuyapata tena mkononi, niliyapata shingoni tu. Tulipofika, daktari wa upasuaji alimwingiza moja kwa moja, akaufunga mshipa. Wenzake wa atelye walikuja asubuhi na nguo za kazi, wakatoa damu. Alipona. Anachechemea kidogo anaposhuka ngazi, ila anatembea. Mama yake aliniletea kuku, akanishukuru kwa kumwokoa mtoto wake. Sikujua niweke wapi macho.

Daktari yule hakunigombeza. Aliuliza nani alifunga garo, nikamwonyesha papa. Aliuliza nani aliifungua, nikasema ni mimi. Ndipo akauliza: “Ulijifunza haya mwaka gani?” Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Kila mwisho wa mwezi mimi huhesabu dawa za dispanseri. Chupa ambayo mwaka wake umepita naitoa, hata kama imejaa na rangi yake ni nzuri. Ile swali la daktari ilinifanya nione kwamba sijawahi hata siku moja kuhesabu yale yaliyomo kichwani mwangu kwa namna hiyo. Nikanunua kaye mpya. Upande wa kushoto naandika nilivyofundishwa, upande wa kulia naandika yanavyofanyika leo na tangu mwaka gani. Pale ambapo pande mbili hazipatani, napiga mstari juu ya la kushoto. Mistari imekuwa mingi kuliko nilivyotazamia, nami nataka kuwasomea baadhi yake, kwa sababu mengi ya kushoto bado yanafanyika makambini mwetu.

Ya kwanza ni hiyo garo. Garo ya kukaza kwa skrubu ilitengenezwa na mpasuaji wa Paris, Jean-Louis Petit, mwaka 1718. Ilikuja kuchukiwa kwa sababu katika vita vya zamani askari alifungwa garo, akalala shimoni saa nyingi mno kabla ya kufika kwa daktari, mguu ukaoza. Walimu wakaogopa, na wakafundisha woga wao. Lakini wanganga wa jeshi la Marekani waliokuwa Baghdad waliwafuata majeruhi wao mmoja mmoja, na mwaka 2009 wakatoa habari: kati ya waliofungwa garo kabla mwili haujazimia kwa kupoteza damu, 90 kwa 100 waliishi. Waliofungwa wakiwa wamekwisha zimia, ni 10 tu kwa 100. Wala hawakuona mguu hata mmoja uliokatwa kwa kosa la garo peke yake.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Damu ikitoka kwa nguvu mkononi au mguuni, kandamiza kidonda kwa nguvu zako zote, ukiwa na kitambaa au bila kitambaa. Ikikataa kusimama, au kama inaruka, funga garo juu ya kidonda, upana wa vidole vitatu au vinne kutoka kidondani, wala si juu ya goti au kiwiko. Tumia kitambaa kipana. Kamba nyembamba na waya hukata nyama. Ingiza kijiti kigumu au ufunguo, zungusha mpaka damu isimame kabisa. Mgonjwa atalia kwa maumivu, na ni kweli inauma sana. Usimwonee huruma ya namna hiyo. Andika saa. Usiifungue. Mguu unavumilia karibu saa mbili nzima, na kwa saa mbili, hata treni ikifunga njia, mtafika. Mtu mzima ana damu ya litre tano hivi, na mshipa mkubwa wa paja unaweza kuimaliza kwa dakika chache. Kila ulegezapo unamwaga ile ambayo hana nyingine.

Mstari wa pili uko katika moyo uliosimama. Hapa nina hadithi ninayoipenda, kwa sababu ni ya fundi aliyewafundisha wanganga. Kule Baltimore, Marekani, makampuni ya umeme yalikuwa yanapoteza mafundi wa nyaya, wakatafuta mtu wa kuchunguza namna umeme unavyousimamisha moyo. Aliyeongoza kazi, William Kouwenhoven, alikuwa injinia wa umeme, hakuwa daktari. Kijana aliyefanya kazi naye, Guy Knickerbocker, naye alikuwa mtu wa umeme. Ndiye aliyeona kwamba vyuma vya mashine vikikandamizwa kifuani mwa mbwa, presha ya damu inapanda hata kabla ya kuwasha umeme. Pamoja na mpasuaji James Jude walitangaza mwaka 1960 kwamba mikono mitupu inaweza kusukuma damu mwilini, bila kupasua kifua. Kabla ya hapo mtu aliyezirai alinyooshwa na kukunjwa mikono kama pampu, na vitabu vizito vilifundisha hivyo.

Tangu 1960 hesabu imebadilika mara nyingi. Katika kaye yangu ya shule, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha zamani, kuna kukandamiza mara 15 na kupuliza mara 2. Tangu 2005 ni mara 30 na kupuliza 2. Leo tunasema: katikati ya kifua, mikono juu ya mikono, viwiko vimenyooka, kifua kishuke sentimeta 5, isizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachwe kirudi juu. Asiyejua kupuliza, au asiyetaka, akandamize tu bila kusimama mpaka msaada ufike. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla hiyo inatosha kuanzia. Aliyetolewa majini, na mtoto mdogo, hao wanahitaji pumzi pia. Na kwa aliyeshikwa na umeme, zima umeme kwanza.

Lakini kujua hesabu si kufanya. Imepimwa katika nchi nyingi: aliyejifunza kukandamiza kifua anaanza kuipoteza kazi hiyo mikononi kwa miezi mitatu hadi sita, wakati kichwani bado anajiona hodari. Nimeyaona haya kwetu. Masekuristi wenye cheti kizuri ukutani, ukiwaweka mbele ya sanamu ya mazoezi, wanakandamiza kama mtu anayebonyeza mkate kuona kama umeiva. Mimi pia. Kwa hiyo sioni haya kupiga magoti nyumbani juu ya mfuko wa unga, bibi yangu akihesabu kwa sauti. Watoto wanacheka, na mkubwa wao sasa anaweza kazi hiyo kuliko baba yake.

Hapa nitasema neno kwa mashefu wa posti. Siku ya masomo ya kurudilia mnasema mtu amepotea kazini. Mnamwacha aende kwa nusu saa, kisha mnampigia simu arudi. Yule papa wa machela alijua kuliko munganga kwa sababu moja tu: shefu wake alimwachia siku mbili kamili.

Na sasa wamama, nisije nikaonekana nazungumza na wanaume wa shimoni peke yao. Ajali za jikoni zinazofika kwangu si chache.

Mtoto akiungua kwa maji au mafuta ya moto, wengi hupaka dawa ya meno, mafuta ya mawese, yai, hata unga. Wengine walifundishwa hivyo na wazee wanaowaheshimu, wala siwalaumu. Mnaponiletea mtoto, inanibidi kwanza nivitoe vitu hivyo juu ya nyama iliyo hai, na hapo mtoto anateseka mara ya pili. Maji safi ya baridi, yanayotiririka, dakika 20. Kama bomba limekauka, na mara nyingi limekauka, mwagieni kwa kikombe kutoka ndoo, polepole. Dakika 20 ni ndefu mtoto akilia, tazameni saa. Si barafu. Halafu kitambaa safi juu yake, mfunikeni mwili mwingine asishikwe na baridi, mje.

Mtoto akishikwa na degedege kwa homa, kijiko! Nimepokea watoto waliovunjwa meno, na baba mmoja ambaye kidole chake kilihitaji kushonwa. Mtu hamezi ulimi wake. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimkandamize, msitie kitu chochote mdomoni, hata dawa. Mara nyingi degedege huisha lenyewe kwa dakika chache. Likizidi dakika tano msingoje, chukueni motokari yoyote. Hata likiisha mleteni siku ileile, kwa sababu kwetu malaria ya kichwa inaanza vilevile.

Malaria hiyo nayo imefuta mstari kwangu. Sisi sote tulikua na kinini. Kinini katika seromu, saa nne nzima kwa kila chupa, mama amekaa anatazama matone. Mwaka 2010 wanganga walitoa hesabu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Nusu walipewa kinini, nusu artesunate ya sindano. Kwa kinini walikufa karibu 11 kwa kila 100. Kwa artesunate 8 na nusu. Mwaka uliofuata, OMS ikashauri artesunate kwa watoto pia. Ni sindano ya muda mfupi: ya kwanza mara mtoto anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza vidonge. Ninapowapa dawa hiyo, wengine huniuliza: “Munganga, mbona humtii seromu? Umetuona maskini?”

Nataka kujibu swali hilo hapa mara moja kwa wote. Mimi pia niliamini seromu. Mtoto wa homa kali, amelegea, mikono baridi: tulifundishwa kumwagia maji mshipani kwa haraka, na katika nchi tajiri ndivyo ilivyofanyika kwa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa ameuliza watoto wa Afrika, wenye malaria na damu kidogo, wanavumiliaje. Waliouliza ni wanganga wa Uganda, Kenya na Tanzania pamoja na wenzao wa Uingereza. Walichukua watoto 3,141. Mwaka 2011 wakatangaza: kati ya waliomwagiwa seromu kwa haraka walikufa kama 10 na nusu kwa kila 100 katika siku mbili za kwanza, kati ya ambao hawakumwagiwa walikufa 7 hivi. Wale waliofanya kazi hiyo wenyewe walitegemea kuona kinyume chake. Kazi ikasimamishwa kabla ya wakati wake ili watoto wasiendelee kuumia.

Mimi niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilihesabu watoto. Sina la kuwaambia zaidi juu ya hesabu ile.

Angalieni lakini, msigeuze habari hii kuwa kwamba seromu ni sumu. Mtoto aliyekaushwa na kuhara na kutapika anahitaji maji, ya kunywa au ya mshipa, na upesi. Huyo hakuwa katika hesabu ile. Aliyepoteza damu nyingi naye ana matibabu yake. Ninachoomba ni kwamba munganga asipotundika chupa, mumuulize sababu, na yeye awajibu. Akishindwa kuwajibu, basi na yeye ana kazi ya kufanya na kaye yake.

Juu ya nyoka nitasema machache, kwa sababu najua nitakasirisha watu. Jiwe nyeusi halivuti sumu. Kuchanja kwa wembe, kunyonya, na kufunga kamba ya kukaza hakusaidii, na kunaharibu mguu. (Ndiyo, nimetoka kusifu garo; garo ni ya damu inayoruka, si ya nyoka.) Mtulizeni mtu, vueni pete na viatu, fungeni mguu kwenye ubao usitikisike kama uliovunjika, mbebeni. Asitembee.

Tangu usiku ule nimeweka desturi moja dispanseri. Baada ya kila ajali, hata ndogo, wote waliogusa mgonjwa tunakaa dakika kumi: sekuristi, dereva, munganga. Tunaulizana nini kilikwenda vizuri, nini kilichelewa, nani alitaka kusema neno akaogopa. Swali la mwisho naliuliza kwanza kwa mdogo wa cheo. Mara ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Mara ya pili dereva alisema machela yetu haiingii vizuri katika ambilansi mpya, na kwamba amelijua jambo hilo tangu ilipoletwa.

Papa wa machela nilikwenda nyumbani kwake Jumapili moja, na kuku yule wa mama wa kijana, maana aliyestahili kumpokea ni yeye. Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake. Akasema yamepita, tule. Baada ya kula nikamwomba anionyeshe tena namna alivyofunga. Akaleta kitambaa na kijiti cha kusongea bukari, akanifunga mimi mwenyewe pajani, akakaza mpaka nikapiga kelele, naye hakuacha mpaka alipohakikisha.

Sasa anatufundisha sisi wote kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa tisa mchana, nyuma ya dispanseri. Wamama wanakaribishwa, na watoto wakubwa. Kila mtu aje na kitambaa kirefu chenye upana wa vidole vitatu au zaidi, na kijiti kigumu cha urefu wa kiganja. Mfuko wa unga wa kukandamiza tunao.